Glasi Nane

Subilaga,
leo sokoni Mwanjelwa nimefungiwa vitunguu
kwa karatasi yenye sura yako.
Picha ni ile ya mahafali, unacheka,
na chini yake maneno ambayo sitayarudia:
kitanda, mume wa mtu, chumba namba sita.
Viazi hawakuvitaja hata mara moja.

Jumatatu ulisema mbegu za tajiri zina mnyauko.
Kufika Ijumaa mji mzima ulijua unalala wapi.

Sijakuuliza kama ni kweli.
Sitakuuliza.
Kiazi kinachooza Umalila hakijali
aliyekipasua jana alimpikia nani chai.

Nakumbuka Mbozi. Nilikuwa napima visima,
na glavu zangu zilitosha kuwa ushahidi.
Mchuna ngozi, walisema, na mawe
yakaanza kunyesha juu ya bati la ofisi ya kata,
nami chini ya meza, nimekumbatia sanduku la chupa.
Ukaja kwa pikipiki ya kukodi, matope hadi kiunoni.
Hukuhutubia. Ulichukua chupa namba tatu,
ukaizibua, ukanywa yote, ukawatazama.

Kisima namba tatu kilikuwa na kinyesi, Subilaga.
Ulijua. Majibu uliyaona kabla yangu.
Uliharisha siku nne,
na kila ukitoka chooni ulicheka:
"Liandike na hili."

Basi juzi, koridoni, nilipokuona unakuja,
nikatoa simu nikajifanya nasoma.
Hakukuwa na ujumbe. Simu ilikuwa imezima.
Ndiyo sababu nakuandikia kwa mkono,
kwa mwandiko huu mbaya. Vidole vimekufa ganzi,
ni Julai, Loleza hauonekani tangu asubuhi,
na mtu mwenye aibu haoni moto wa kuota.

Sikiliza tulichofanya.
Jumamosi tulipanda Umalila, watu watatu:
mimi, Ambakisye wa darubini,
na Tumpe anayefua makoti, ambaye hakualikwa,
alikuta gari linawaka akaingia.
Tulikwenda kwenye shamba lililopandwa mbegu ile ile.
Mwenye shamba aliegemea jembe, akatupima:
"Ninyi ndio wa yule mwanamke?"
Ambakisye alinitazama mimi. Mimi nikatazama viatu.
Tumpe akasema, "Ndio sisi,"
kisha na sisi tukasema.

Mama yule alinyamaza kidogo.
Akainama, akang'oa mashina manane yaliyolala,
akayafunga kwa kamba ya mgomba.
"Yeye peke yake," akasema,
"ndiye aliyenieleza kwa nini."

Usiku tuliazima glasi nane za kantini.
Tukakata mashina, tukayaning'iniza majini,
tukazima feni, tukazuia hata kukohoa.
Maji yakatulia.
Kisha katika glasi ya kwanza ukashuka uzi mweupe,
mwembamba, taratibu, kama maziwa yanayojuta.
Ya pili. Ya tatu. Tumpe akashika mdomo.
Mnyauko, kama ulivyosema,
kwa maji ya bomba na mikono ambayo si yako.

Glasi ya saba haikutoa kitu.
Tulingoja hadi saa nane, maji meupe pe.
Kwa ajili yako tungeweza kuimwaga.
Kwa ajili yako hatukuimwaga.
Imo kwenye daftari, ukurasa wa kumi na nne,
sahihi tatu chini, ya Tumpe kwa kalamu nyekundu.

Kesho kamati inakaa. Watakuja na gazeti,
sisi tutakuja na sinia la glasi.
Koti lako limefuliwa, doa la kahawa
limekataa kutoka, Tumpe anaomba radhi.
Usikae pembeni. Kiti cha katikati nimekifuta vumbi.

Na ukishakaa, Subilaga,
tutakuuliza swali moja tu, mbele ya wote:
ile ya saba, unadhani ni kwa nini?